Matairi ya gari hudumu muda gani? Mwongozo kamili wa kuyasoma, kuyapima na kuyatunza

Muulize fundi tairi yeyote mwenye uzoefu tairi jipya linadumu muda gani, naye atakuuliza kwanza: "Linapita wapi?" Yuko sahihi. Seti ya matairi inayomtosha kwa miaka minne mtu anayetoka Mikocheni kwenda Posta kwa lami tupu inaweza kuisha ndani ya miaka miwili kwa jirani yake anayeshuka kila asubuhi kwenye kokoto na makorongo.

Hata hivyo kuna makadirio ya kuanzia. Kwa gari dogo la kawaida, tairi zuri linalotumika zaidi kwenye lami na kujazwa upepo unaotakiwa hufika kilometa 40,000 hadi 60,000, na mengine huvuka hapo. Kwenye changarawe, mizigo na mashimo, tegemea nusu ya hizo. Hiyo ni hesabu ya kilometa. Ipo hesabu ya pili ambayo wengi wetu tunaisahau, nayo ni ya miaka. Raba huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa uani chini ya turubai, kwa hiyo tairi linaweza kuwa na kashata (vile vipande vya raba vilivyosimama kati ya mitaro) nzuri kabisa na bado likawa limekwisha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: matairi mengi hapa kwetu hayafi kwa kutembea. Yanauawa kabla ya wakati na upepo mdogo, jua, mzigo na miguu ya mbele iliyokaa vibaya. Ukiondoa jua, yote hayo yako mikononi mwa mwenye gari, na kuyarekebisha ni nafuu mno kuliko bei ya seti mpya. Kupasukiwa na tairi ukiwa mwendo wa 100 katikati ya Chalinze na Segera ni hasara isiyopimwa kwa shilingi.

Hatua ya 1: Soma tarehe tairi lilipotengenezwa

Chuchumaa pembeni ya tairi utafute ubavuni herufi DOT. Baada yake kuna mfululizo wa herufi na tarakimu, na mwishoni, mara nyingi ndani ya kiduara kilichorefuka, zipo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021, yaani Juni mwaka huo. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, usiliguse.

Matairi mengi huandikwa tarehe upande mmoja tu. Ukizunguka tairi lote usiione, ipo upande wa ndani. Ingia chini na tochi ya simu, au isome siku gari liko juu ya jeki gereji. Fanya hivyo kwa matairi yote manne na la spea, kwani si ajabu kukuta gari moja lina matairi ya miaka mitatu tofauti.

Je, umri wa mwisho ni upi? Watengenezaji kadhaa wa magari husema miaka 6. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likifikisha miaka 5 ya matumizi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama linaonekana zima, spea ikiwemo. Kwa hali ya hewa ya Dar, Tanga au Mombasa, mimi nasimama kwenye 6. Gari linalolala juani na kushinda juani, nahesabu 5.

Sababu ni hii. Joto na hewa ya oksijeni huifanya raba ikauke, ipoteze mnyumbuko na ipasuke. Viwandani huchanganya ndani ya raba nta na dawa za kuzuia hali hiyo, lakini dawa hizo hufika kwenye ngozi ya tairi pale tairi linapozunguka na kunyumbuka. Ndiyo maana gari lililosimama mwaka mzima likisubiri kipuri matairi yake huchanika mistari haraka kuliko la jirani linalotembea kila siku. Kagua nyufa sehemu mbili: ubavuni, na chini kabisa ya mitaro, kule kashata zinapoota. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye ngozi ni onyo. Nyufa zinazofunguka ukizibonyeza kwa kidole gumba, au zinazoonyesha nyuzi, ni mwisho wa tairi.

Hapa lazima niseme kuhusu matairi ya mtumba. Yamepangwa barabarani, yamepakwa dawa yanang'aa, kashata zimesimama, na bei ni theluthi ya jipya. Soma tarehe kabla hujauliza bei. Wenzetu wa Japani na Ulaya hawatupi tairi zima bila sababu. Mara nyingi wamelitoa kwa sababu ya umri au ajali. Ushauri wangu ni kwamba afadhali tairi jipya la kampuni isiyo na jina kubwa, lenye tarehe ya karibuni, kuliko la mtumba la kampuni maarufu lenye miaka minane. Kama mfuko hauruhusu kingine, dai tairi livuliwe kwenye rimu ulione ndani. Viraka vingi, mkunjo unaozunguka ubavu, au unga mweusi wa raba ndani yake ni ushahidi kwamba lilitembezwa bila upepo.

Na kama gari lako limeshuka bandarini kutoka Japani juzijuzi, angalia jambo moja zaidi. Magari mengi hutoka kule na matairi ya theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na kashata zilizokatwakatwa mistari midogo mingi ya kupindapinda. Raba yake ni laini makusudi ili ishike barafu. Kwenye lami ya saa saba mchana hapa kwetu hulika haraka, huyumba kwenye kona, na breki yake kwenye mvua ni ndefu. Wengi hulaumu gari kwamba "linakula tairi" kumbe lilikuja na tairi lisilo la nchi hii. Panga bajeti ya kuyabadilisha mapema.

Hatua ya 2: Pima kina cha kashata, kisha piga hesabu

Tairi jipya la gari dogo huwa na mitaro yenye kina cha takriban milimita 8. Ndani ya mitaro hiyo kuna vitu vidogo vilivyoinuka, vinavyokatiza mtaro kutoka kashata moja hadi nyingine. Begani mwa tairi huonyeshwa kwa herufi TWI au pembetatu ndogo. Vina urefu wa milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha rasmi, hata kama jicho linaona mistari bado ipo.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mtaro mahali pasipo na TWI, bana kwa ukucha usawa wa juu ya kashata, kisha ilaze kwenye rula ya mwanafunzi. Fanya hivyo upande wa ndani, katikati na upande wa nje wa kila tairi. Andika kwenye simu pamoja na kilometa zilizo kwenye dashibodi. Vipimo vitatu kwa tairi moja vina kazi kubwa. Tutavirudia hatua ya 4.

Sasa hesabu. Tuseme ulifunga matairi ya milimita 8, umetembea kilometa 18,000, na leo yana milimita 5. Umetumia milimita 3, kwa hiyo kila milimita moja inakupa kilometa 6,000. Kutoka 5 mpaka 1.6 zimebaki milimita 3.4, sawa na kilometa 20,400. Jibu hilo ni lako na la barabara zako, na lina thamani kuliko kilometa zozote utakazoahidiwa dukani.

Lakini mimi sisubiri 1.6. Kazi ya mitaro ni kutoa maji chini ya tairi. Kina kikishuka chini ya milimita 3, maji yakiwa mengi tairi hushindwa kuyatoa, linapanda juu yake, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Hapo gari linaelea, breki na usukani havina kazi. Kwenye hesabu ya juu, kufika milimita 3 zimebaki kilometa 12,000. Ikiwa zitaishia Machi, masika yanaanza, basi nunua Februari. Kwa watu wa mikoa yenye mvua nyingi kama Kagera na Mbeya huu si ushauri wa ziada.

Hatua ya 3: Upepo, upepo, upepo

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko kinachoonyesha saizi ya tairi na upepo wake. Magari ya Japani kibandiko huwa kwa Kijapani, lakini namba ni zilezile: utaona 220 au 230, na pengine 2.2 au 2.3. Hizo 220 ni kilopaskali, na kwa kipimo cha psi tulichozoea kwa mafundi ni kama 32. Hizo 230 ni 33, na 240 ni 35. Ukikutana na namba nyingine ya kilopaskali, igawanye kwa 6.9. Mara nyingi kuna mstari wa matairi ya mbele na wa nyuma, na kwenye baadhi ya magari upo wa gari lililojaa.

Kosa la kwanza mjini ni kufuata namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 44 au 51. Hiyo ni ya juu kabisa ambayo tairi haliruhusiwi kuvuka, haihusiani na gari lako. Kosa la pili ni kumwambia kijana wa kompresa "jaza zote" halafu ukaendelea na simu. Atakuwekea 40 au zaidi ili usirudi karibuni kulalamika. Sema namba: "Dogo, mbele 32, nyuma 32," na ushuke usimamie.

Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjika zaidi kila mzunguko. Kwenye mwendo wa 100 tairi la gari dogo huzunguka mara kumi na kitu kila sekunde, na kila mkunjo huzalisha joto. Mabega mawili ya tairi ndiyo hubeba gari, kwa hiyo hulika pande zote mbili huku katikati pakibaki. Ulaji wa wese, yaani mafuta, nao huongezeka, kwani gari linaburuzwa. Baya zaidi ni kwamba joto huachanisha matabaka ya ndani polepole bila dalili kwa nje, mpaka siku moja, gari limejaa, jua kali, mwendo mrefu, tairi linapasuka. Abiria watasema lilikuwa zima asubuhi. Halikuwa zima.

Upepo ukizidi, gari hutembelea katikati ya tairi, mstari wa kati hulika peke yake, eneo linaloshika barabara hupungua, na kila shimo hupiga moja kwa moja kwenye rimu na nyuzi za ubavuni. Uvimbe ubavuni, ule unaofanana na jipu, ni nyuzi zilizokatika ndani. Tairi lenye uvimbe halitibiki. Litoe siku hiyohiyo.

Pima tairi likiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya kutoka, au gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu hivi, au halijavuka kilometa 3. Likishapata moto, usomaji hupanda; kila nyuzi joto 5 au 6 za Selsiasi huongeza kama psi 1. Ndiyo maana dereva anayefika Morogoro kutoka Dar akapima akakuta 37, akapunguza hadi 32, atakuwa na tairi lenye upepo mdogo asubuhi inayofuata. Tairi la moto halipunguzwi upepo.

Nunua geji yako mwenyewe. Ndogo ya mkononi inatosha, na haizidi bei ya wese la siku mbili tatu. Geji za vituoni zimeangushwa mara nyingi na hakuna anayezikagua. Pima kila baada ya wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu, kwa sababu hata tairi lisilo na pancha hupoteza kama psi 1 kwa mwezi. Ukiona tairi moja linapungua kuliko wenzake, paka maji ya sabuni kwenye valvu, kwenye kingo za rimu, kisha kwenye kashata, povu litakuonyesha. Magari ya pwani hupata tatizo la kutu ya rimu za chuma pale tairi linapokaa, na upepo hutokea hapo hata tairi likiwa jipya. Dawa yake ni kuvua tairi na kusugua rimu, si kuongeza upepo kila Jumamosi.

Kifuniko cha valvu kina kazi: kinazuia vumbi na mchanga usiingie kwenye sindano ya ndani. Vikipotea, vinunue.

Kuhusu naitrojeni: hewa ya kawaida tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni. Ukiipata bure sawa, lakini usiache kupima kwa sababu uliilipia.

Hatua ya 4: Soma jinsi tairi linavyolika

Tairi hutunza kumbukumbu ya ubovu wa gari. Rudi kwenye vipimo vyako vitatu.

Kama katikati pamelika kuliko pembeni, umezidisha upepo. Kama pembeni kote kuwili kumelika na katikati bado, upepo umekuwa mdogo. Hizo mbili umeshazitibu kwa geji.

Likilika upande mmoja tu, hasa wa ndani, mguu umekaa vibaya. Aidha tairi limelalia upande, au matairi mawili ya mbele hayaelekei sawasawa, yanakwenda huku kila moja likivutia kwake. Huu ndio ulaji unaowaibia watu wengi kimyakimya, kwa sababu ukisimama nje ya gari unaona upande wa nje ambao ni mzima. Zungusha usukani mpaka mwisho ili tairi litoke nje, kisha uangalie upande wa ndani. Wapo wanaokuta nyuzi za waya zimeshatokeza huku upande wa nje ukiwa na milimita 5.

Kuna jaribio la mkono. Gari likiwa limesimama na limezimwa, weka kiganja juu ya kashata, kipitishe kutoka nje kwenda ndani, halafu kirudishe. Ukikuta kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza, kashata zimeota meno; matairi ya mbele yanaburuzwa kiubavu. Fanya taratibu, kwani waya uliochomoza unakata kidole.

Mabonde na vilima vinavyopishana kuzunguka tairi, na mvumo unaokua kadiri unavyoongeza mwendo, huelekeza kwenye shokapu zilizokufa au wili balansi (mlingano wa uzito wa tairi na rimu) iliyoharibika. Tairi linarukaruka badala ya kutulia chini. Kipande kimoja kilicholika bapa hutokana na breki iliyofunga tairi likaserereka.

Sasa neno kwa anayekwenda kufanya alaimenti, yaani kunyoosha miguu ya gari kwa mashine. Usilipie kabla ya kukagua viungo vya mguu: bushi, boljointi na tairodi. Gari likiwa na bushi zilizochoka, mashine itaonyesha namba nzuri, utapewa karatasi, na ukivuka tuta la kwanza kila kitu kimerudi kilipokuwa. Fundi mwaminifu atainua gari, ashike tairi juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia, kabla ya kuligusa na mashine. Asipofanya hivyo, mwambie afanye. Rudia alaimenti ukishapiga shimo kubwa, ukibadilisha kipuri cha mguu, ukiona usukani umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, na kila unapofunga matairi mapya.

Hatua ya 5: Hamisha matairi nafasi zake

Magari mengi madogo tuliyo nayo huvutwa na miguu ya mbele. Tairi la mbele linabeba injini, linavuta, linakata kona na kupokea sehemu kubwa ya breki, wakati la nyuma linafuata tu. Usipoyahamisha, ya mbele yataisha ungali na ya nyuma karibu mapya.

Hamisha kila kilometa 8,000 hadi 10,000. Wengi huunganisha na kubadili oili ili wasisahau. Kwa gari linalovutwa mbele, ya mbele yarudi nyuma moja kwa moja upande uleule, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana, la kushoto liende kulia. Kwa linalosukumwa na miguu ya nyuma, na yale ya miguu yote minne, geuza utaratibu: ya nyuma yaje mbele moja kwa moja, ya mbele yaende nyuma kwa kupishana. Matairi yenye mshale ubavuni hayapishani, yanabaki upande wake. Baada ya kuhamisha, rekebisha upepo kama kibandiko kinatofautisha mbele na nyuma.

Mwenye gari linalotumia miguu minne muda wote azingatie hili zaidi, kwa sababu matairi yakitofautiana sana kimo, gia za kugawa nguvu huzunguka bila kupumzika na kuharibika, na kipuri hicho kinazidi bei ya matairi manne.

Hatua ya 6: Mzigo na mguu wako

Kila tairi limeandikwa uwezo wake. Kwenye 195/65R15 91H, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya kimo cha ubavu kwa upana huo, 15 ni saizi ya rimu kwa inchi. Namba 91 maana yake tairi hilo hubeba kilo 615, na H ni mwendo usiozidi kilometa 210 kwa saa. Matairi manne yanabeba kilo 2,460, gari lenyewe likiwemo. Weka abiria wanane, magunia kwenye keria na ndoo nyuma, uone salio linavyokwisha. Usifunge tairi lenye namba ndogo kuliko iliyo kwenye kibandiko eti kwa sababu limeingia kwenye rimu.

Mwendo mkali huongeza joto, na kuondoka kwa fujo na kufunga breki dakika ya mwisho husugua raba moja kwa moja. Mteremko wa Kitonga shuka kwa gia nzito, kwa faida ya breki na matairi pia. Panda ukingo wa barabara taratibu na kwa pembe iliyonyooka. Ubavu ukibanwa kati ya zege na rimu, nyuzi hukatika. Usizungushe usukani gari likiwa limesimama kwenye kokoto.

Hatua ya 7: Pancha, na kuchonga kashata

Ukihisi tairi limeshuka, simama. Kusogea hata kilometa moja "mpaka kwa fundi" juu ya tairi bapa kunasaga ubavu kwa ndani, na pancha ya kuzibika inakuwa tairi la kutupa.

Tundu la msumari lililo eneo la kashata na lisilozidi milimita 6 huzibwa salama. Njia bora ni kuvua tairi, kukagua ndani, kupitisha kizibo kwenye tundu na kubandika kiraka kwa ndani. Kamba ya raba inayosokomezwa kwa nje inakufikisha nyumbani, lakini haimwonyeshi fundi ndani ya tairi kukoje. Tundu la ubavuni au begani halizibwi, hata fundi akikuhakikishia vipi. Spea ndogo nyembamba inayokuja na baadhi ya magari hujazwa psi 60 na haivuki kilometa 80 kwa saa; ni ya kukutoa porini.

Na kuchonga. Wapo mafundi wanaochukua tairi kipara, wanapitisha kisu cha moto na kulichora mitaro mipya. Tairi la gari dogo halina unene wa ziada kwa kazi hiyo. Kisu kinakula raba inayofunika waya, maji yanaingia, waya unaota kutu. Linapendeza machoni mwa askari wa barabarani na linakuua Mikumi. Ukiona mitaro yenye kingo za kukatwa, na TWI haionekani popote, ondoka.

Hatua ya 8: Siku ya kununua

Zamani tulikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, na majirani zetu wa Kenya walikuwa na matairi ya Yana yaliyotengenezwa Nairobi mpaka kiwanda kilipofungwa 2016. Leo matairi mengi madukani yamevuka bahari na kukaa maghalani. Kwa hiyo "jipya" halimaanishi la mwaka huu. Mwambie muuzaji: "Kaka, nionyeshe tarehe kwanza." Ndani ya mwaka mmoja ni vizuri, miwili nakubali, mitatu naomba lingine.

Matairi mengi yana neno TREADWEAR na namba. Kipimo cha msingi ni 100. Lenye 400 lililika kwa nusu ya kasi ya lenye 200 kwenye majaribio. Kiwanda chenyewe ndicho hujipangia namba hiyo, kwa hiyo itumie zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja. Pembeni yake angalia TEMPERATURE, herufi A ikiwa ndiyo inayohimili joto zaidi. Kwa jua letu nachagua A hata kama namba ya TREADWEAR ni ndogo kidogo.

Ukiwa na fedha ya mawili tu, yafunge nyuma. Wengi hubisha, wakisema mbele ndiko kwenye kazi. Lakini la mbele likiteleza kwenye maji unahisi usukani na unaweza kuachia mafuta. La nyuma likiteleza gari linageuka kabla hujajua. Mawili hayo yawe saizi moja, aina moja.

Siku ya kufunga, dai valvu mpya za raba na wili balansi. Nati zikazwe kwa kupishana kama nyota, na kukaza kwa mwisho kufanyike gari likiwa limeshuka kwenye jeki, kwa spana ya mkono. Bunduki ya upepo ikikaza kupita kiasi, hutazifungua usiku porini. Kilometa 300 za kwanza endesha kwa utulivu, kwa sababu ngozi ya juu ya tairi jipya bado ina utelezi wa kiwandani. Ukishatembea kilometa 80 hadi 100, simama mahali tambarare, toa spana, ukaze nati zote tena, na uandike kwenye simu kilometa za siku hiyo pamoja na milimita za kuanzia.